Ng'ombe Aliyefia Njiani

Siku zile kila mtu wa Elisabethville alikuwa amechoka. Mji huo leo tunauita Lubumbashi, lakini wakati Katanga ilipojitenga na Kongo ulikuwa bado na jina lake la kikoloni, na juu ya jina hilo ulikuwa na vita. Watu walichoka kupanga foleni ya maji, walichoka kusikia risasi, walichoka hata kuulizana habari, maana habari zenyewe zilikuwa zile zile. Ukimwamkia mtu anakujibu, "Tuko tu," halafu anapita zake.

Amida, binti wa miaka kumi na miwili, naye alikuwa amechoka. Aliamka gizagiza akaweka ndoo yake kwenye foleni ya bomba, akafagia uwanja, akachemsha chai isiyo na sukari, ndipo akavaa sare yake ya shule. Kila Alhamisi alikuwa na kazi ya ziada. Alipita sokoni akiokota majani ya kabichi na maganda ya viazi vitamu, akayafunga kwenye kitenge kikuukuu cha mama yake, akajitwika. Wauza mboga walishamzoea. "Unafuga mbuzi wangapi, mutoto?" walimtania, naye hakuwa na nguvu ya kucheka.

Hakuwa na mbuzi hata mmoja. Mzigo ule ulikuwa wa shule. Bomu lilikuwa limeng'oa paa la shule yao katika mapigano ya Desemba, na mvua za Januari hazikuwa na huruma. Mwalimu wao, Bwana Clément, alikuwa mtu wa Kasai aliyefukuzwa nyumbani kwake kwa sababu ya kabila lake tu. Alilala kambini pembeni ya mji, chini ya turubai, pamoja na maelfu ya wenzake. Hata hivyo kila asubuhi alikuja kwa miguu, na shati lake limepigwa pasi. Alilipigia wapi pasi katika matope yale, hakuna aliyejua.

Bwana Clément ndiye aliyekwenda kwa Papa Kasonde, mlinzi wa bustani ya wanyama, akamwomba mahali pa kufundishia. Papa Kasonde alikubali kwa sharti moja: kila mtoto aje na chochote cha kutia mdomoni mwa mnyama. Zamani bustani ile ililishwa kwa michango. Mwenye duka alitoa gunia la mahindi, mwenye lori alileta watoto wa vijijini bure waje kuona na kujifunza, na wengine walitia chochote katika sanduku la mlangoni. Vita vilipokuja, wenye kutoa walikimbia au walifilisika. Wanyama hawakuwa na pa kukimbilia.

Basi kila Alhamisi darasa lilihamia huko. Watoto waliketi kwenye nyasi, mbele ya vizimba, na Bwana Clément aliwafundisha kwa vitu vilivyo hai. Aliwaonyesha jinsi kobe anavyovuta shingo, kwa nini swala hulala macho wazi, na namna ya kutofautisha nyayo za mbwa na za fisi. Lucien, mtundu wa darasa, ambaye ndani ya kuta nne alikuwa analala tangu kengele ya kwanza, huku nje alikuwa wa kwanza kuuliza maswali. Kwa hao watoto, ile ndiyo ilikuwa saa pekee ya wiki ambayo hakuna aliyewaambia walale chini wasipigwe risasi.

Alhamisi hiyo walipofika, Papa Kasonde alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono imening'inia. Nyuma yake, katika kizimba kikubwa, simba jike alikuwa amelala ubavu. Papa Kasonde alimwita Nkalamo, yaani simba kwa Kibemba. Mbavu zake ungeweza kuziona moja moja.

"Maganda yenu nawashukuru," alisema Papa Kasonde, wala hakuinuka. "Nyani watakula, swala watakula. Lakini huyu hali kabichi. Jana alikuja bwana mmoja wa ofisini. Amesema hivi: kama mpaka Jumamosi hakuna nyama, atakuja na askari wampige risasi. Simba mwenye njaa ni hatari, akivunja kizimba ataingia mjini. Na baada ya hapo watafunga mlango, eneo lote wapewe askari waweke magari yao."

"Na sisi, Papa?" aliuliza msichana mmoja.

"Ninyi mtarudi kwenye shule yenu isiyo na paa, mwanangu. Nitafanya nini? Mimi mwenyewe sijaona nyama tangu Krismasi."

Bwana Clément akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Amida aliutazama uso ule uliochoka, akamtazama na simba. Kabla hajafikiri alikuwa amesimama.

"Baba yangu ni bucha," alisema. "Jumamosi nitaleta nyama. Tena nyingi."

"Wee!" akaruka Lucien. "Nyama ya kumpa simba, wakati kwetu hata dagaa hakuna?"

"Nimesema nitaleta."

Papa Kasonde aliinuka kwenye ndoo. "Mwanangu, usinipe tumaini la bure. Mimi niko mzee."

"Naahidi, Papa," alisema Amida. Ahadi ni deni, wahenga walisema, lakini wahenga hawakumwambia Amida kwamba mtu anaweza kujikopea deni kwa jina la baba yake.

Njiani kurudi nyumbani ndipo akili ilipomrudia. Nyama gani? Baba yake, Bwana Nasoro, alikuwa na meza ya kuuzia nyama katika soko la mtaa wa Albert, ule tunaouita Kamalondo siku hizi. Familia yao ilitoka Maniema zamani, watu wa swala tano, na jina la Nasoro lilikuwa na heshima sokoni: Waislamu walinunua kwake kwa kuwa alichinja kwa sheria, na Wakristo walinunua kwake kwa kuwa hakuuza nyama iliyolala. Lakini meza yake ilikuwa tupu kwa muda mrefu. Ng'ombe walitoka kusini, na barabara ya kusini ilikuwa ya bahati nasibu. Nasoro alikuwa amekopa kwa ndugu zake akanunua ng'ombe wawili, na lori lililowabeba lilikuwa limekwama Kasumbalesa mpakani, kwenye foleni ya malori isiyosogea.

Usiku ule Amida alijaribu kusema. "Baba," alianza.

"Kesho, mwanangu," alisema Nasoro, amefumba macho. "Leo kichwa changu kimejaa. Wale ng'ombe wasipofika, sijui tutakula nini."

Amida akameza maneno yake. Mdomo ulikuwa umemponza, na sasa mdomo huo huo ulikataa kufunguka.

Kesho yake, Ijumaa adhuhuri, lori likafika. Wanaume walikuwa msikitini. Amida ndiye aliyekuwa ameachwa kulinda visu na beseni katika uwanja wa kuchinjia nyuma ya soko. Dereva, Laurent, alishuka macho mekundu, akafungua mlango wa nyuma, akasema, "Mwambie baba yako nimefika. Mimi nimekufa." Akajilaza kivulini chini ya lori lake, na mara akaanza kukoroma.

Amida alipanda kuangalia. Ng'ombe mmoja alikuwa amesimama, anatweta. Wa pili, dume kubwa lenye baka jeupe, alikuwa amelala. Amida alikulia kati ya ng'ombe, hakuwa mtoto wa kuogopa pembe. Aliweka kiganja mbele ya pua: hakuna pumzi. Aligusa kope kwa kidole: jicho halikupepesa. Akarudia. Nzi mmoja alikuwa anatembea juu ya jicho lile bila wasiwasi wowote.

Akashuka, akaketi chini. "Mungu wangu," alisema kwa sauti. Kwa watu wa dini yao, mnyama aliyekufa mwenyewe ni nyamafu. Haliwi, hauzwi, hata ukimpitishia kisu na kumtajia Mungu mara mia.

Swala ilipokwisha, baba yake akasikia lori limefika, akaja mbio kutoka msikitini na kanzu yake, pamoja na Djuma, kijana wa kumsaidia kazi. Djuma ndiye aliyeruka wa kwanza juu ya lori. Akamgusa dume.

"Patron! Huyu amelala vibaya!" Akapapasa tumbo. "Lakini iko moto bado! Kisu, patron, haraka! Roho haijafika mbali."

Nasoro akapanda. Aliinama juu ya ng'ombe, akakaa hivyo kwa muda. Laurent aliamka chini ya lori, akatoa kichwa. "Alikuwa muzima kule Kasumbalesa," alisema kwa sauti ya usingizi. "Tulikaa juani, maji hakuna. Lakini alikuwa muzima, naapa."

"Unaona?" alisema Djuma, akiwa tayari ameshika kisu. Akateremsha sauti. "Patron, tusidanganyane. Nusu ya mali yako iko hapa. Batu wako na njaa, watanunua mpaka mkia. Nani atajua?"

Nasoro alijipangusa jasho kwa kofia yake. Halafu akageuka, na Amida akaona uso ambao hajawahi kuuona, uso wa mtu aliyebeba mzigo unaomshinda.

"Amida," alisema polepole. "Wewe ulikuwa hapa lori lilipofika. Ulimwona akipumua? Hata kidogo? Hata kama alitikisa sikio tu, niambie. Inatosha."

Djuma, nyuma ya baba, alimkonyeza, akatikisa kichwa juu chini: sema ndiyo.

Jamani, neno moja tu! Angesema ndiyo, meza ya baba ingejaa nyama. Deni la ndugu lingelipwa. Mifupa na mapafu yangebaki, angeyaomba, na kesho angeingia bustanini kifua mbele, Lucien ajionee. Simba angepona, darasa lingepona. Angesema hapana, baba yake angebaki na ng'ombe mmoja na deni la wawili, na yeye angebaki na ahadi hewa. Amida alitaka kusema ndiyo. Tusimfanye malaika, alitaka sana, na neno lenyewe lilishafika kwenye ulimi.

Lakini aliwaona wateja wa baba yake, mmoja mmoja, jinsi wanavyofika mezani na kusema, "Nipimie, Nasoro," bila hata kuitazama nyama.

"Hapana, Baba," alisema, na machozi yakamtoka. "Hakupumua. Niliweka mkono puani. Nilimgusa jicho. Alifika amekufa."

"Ah, mutoto huyu!" Djuma akatupa kisu kwenye beseni. "Na hili joto je?"

"Joto hilo ni la jua, Djuma," alisema Nasoro. "Si la uhai."

Akateremka kutoka kwenye lori kama mzee, akaketi kwenye kigogo cha kukatia nyama. Amida hakuweza tena kuubeba mzigo wake. Akapiga magoti mbele ya baba yake akamwambia yote: bustani, mbavu za Nkalamo, yule bwana wa ofisini, ahadi yake mbele ya darasa zima.

"Umeahidi nyama ya nani?" Nasoro alifoka mpaka Laurent akatoka chini ya lori. "Yako? Una ng'ombe wewe? Mtu hutoa cha kwake, Amida! Kumwahidi mtu mali ya mwenzako ni kumwibia mwenzako na kumdanganya unayempa."

"Nisamehe, Baba."

Nasoro akamtazama binti yake, kisha akalitazama lile dume ndani ya lori. Taratibu, kona ya mdomo wake ikasogea.

"Huyo simba," aliuliza, "ni Mwislamu?"

Amida akafuta pua. "Sijui, Baba. Hapana."

"Basi haulizi nani amechinja." Akainuka. "Djuma, kata huyu vipande. Weka kando kabisa, visu vyake usivichanganye. Yule mzima nitamchinja mwenyewe."

Mama Virginie, muuza mboga wa jirani, alikuwa amesogea kusikiliza. "Papa Nasoro," alisema, "sisi Wakristo hatuna hiyo sheria. Batu wanakufa njaa kambini, wewe unapelekea simba?"

Lilikuwa swali la haki, na Nasoro hakulikwepa. "Mama, nyama hii imelala juani tangu sijui saa ngapi. Tumbo la simba litaiweza. Nyama ambayo siwezi kumpa mwanangu, sitampa mtoto wa mwenzangu kwa sababu tu ana njaa. Kwa watu wa kambini nitatoa kwa huyu mzima, kichwa, miguu na mifupa ya supu. Hiyo ndiyo sadaka, maana hiyo ningeweza kuiuza. Hii ya simba nisijisifu nayo. Hapa ninachotoa ni jasho langu tu."

Na jasho lilitoka kweli. Jumamosi asubuhi Nasoro, Djuma na Amida walisukuma mkokoteni uliofunikwa magunia, kutoka mtaa wa Albert hadi bustanini, huku nzi wakiwasindikiza. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliinua gunia, akaziba pua.

"Mnapeleka wapi uozo huu?"

"Kwa simba, chef," alisema Nasoro.

Askari alimtazama, akawatazama wenzake, wakaangua kicheko. Inawezekana kilikuwa kicheko chao cha kwanza wiki ile. "Pita, mzee," alisema. "Msalimie."

Walikuta darasa zima limekaa kwenye nyasi. Bwana wa ofisini alikuwa ameshafika, na askari mwenye bunduki amesimama kando yake. Papa Kasonde aliuona mkokoteni akaukimbilia. Alichukua paja la ng'ombe kwa mikono miwili, akalisukuma ndani kupitia mlango mdogo wa kizimba. Nkalamo akainua kichwa. Akanusa. Akajiburura mpaka pale, akaweka mguu mmoja juu ya nyama, na mfupa ukalia. Amida alihisi mlio ule mpaka kwenye meno yake. Watoto wakapiga vigelegele, na Papa Kasonde akageukia ukutani ili wasimwone akilia.

Bwana wa ofisini hakupiga vigelegele. "Vizuri," alisema. "Leo amekula. Na wiki ijayo?"

Nasoro alivuta pumzi. "Bwana, ng'ombe hufa kila mara katika barabara ya Kasumbalesa. Mimi si bucha wa kwanza. Wengine huwazika, na wengine, Mungu anisamehe, huwapitishia kisu usiku na kuwauza. Hawafanyi hivyo kwa ubaya wote. Hawana pa kupeleka hasara yao. Nitazungumza na wenzangu wote wa sokoni. Mnyama aliyefia njiani aletwe hapa mchana kweupe, kila mtu aone. Simba atakula, na mteja atajua anachonunua ni halali."

"Na sisi tutaendelea kuleta maganda," alidakia Lucien. "Hata yangu yatakuwa mengi, si kama ya juzi."

Yule bwana alitazama kizimba, akatazama watoto, akampa askari ishara ya kushusha bunduki. "Wakileta, mlango hautafungwa," alisema. "Wasipoleta, mnanijua." Akaenda zake. Naye alionekana amechoka.

Mabucha walilalamika, kama ilivyo desturi ya mabucha, lakini walileta. Bwana Clément hakungoja hayo yote. Papo hapo, baada ya Djuma kumnong'oneza kisa cha jana cha uwanjani, alisimama mbele ya kizimba na shati lake lililonyooka.

"Watoto," alisema, "leo hatuna haja ya ubao. Mmefundishwa na ganda la kiazi na ng'ombe mfu. Bustani hii hailindwi na tajiri mmoja. Inalindwa na mtu anayetoa alichonacho, kidogo, tena na tena. Wanyama wanaishi kwa mchango wenu, na ninyi mnasoma kwa sababu wanaishi. Lakini mchango una mashina mawili: utoe kilicho chako, na useme kweli juu yake. Amida alikosea la kwanza. La pili hakulikosea."

Amida aliinamisha kichwa, hajui kama amesifiwa au amekemewa. Vyote viwili, nadhani.

Walirudi na mkokoteni mtupu. Djuma alitangulia. Nasoro alitembea pole, mkono mmoja begani mwa binti yake, na walipofika karibu na soko akasimama.

"Amida, nikuambie jambo. Mimi ni mchinjaji tangu ujana wangu. Lile jicho nililiona mara tu nilipoinama. Nilijua amekufa."

Amida akamtazama, hakuelewa. "Sasa kwa nini uliniuliza, Baba?"

"Kwa sababu nilikuwa nimechoka," alisema Nasoro. "Mtu aliyechoka hutafuta wa kumsaidia kudanganya. Ungesema ndiyo, ningekata. Ningewalisha majirani zangu nyamafu, halafu ningerudi nyumbani na mtoto aliyejifunza uongo kutoka kwangu. Ng'ombe nitampata mwingine."